Mashine Ikilia, Mara Nyingi Ni Msumari

Wiki iliyopita mtoto wa dada yangu, yule aliyeko Muheza, kanitumia video. Mzungu anazunguka kwenye gofu la ngome ya kale, kavaa spika masikioni, mkononi kashika mashine ya kutafutia metali. Inalia tiii. Anapiga magoti, anafukua, video inakatika, inarudi na sarafu ya dhahabu inayong'aa kama imetoka benki jana. Ikafuata sauti ya kijana mwenyewe: "Shikamoo mjomba. Si wewe ulikwenda kuchimba huko kwa Wapiganaji wa Msalaba? Hebu niambie, zimebaki? Mashine nimeshapata ya kuazima."

Marahaba, mwanangu. Nikamjibu kwa sauti ya dakika kumi na mbili, akasikiliza mbili. Basi naandika.

Kazi yangu ni sarafu za kale, hasa za dola za Kiislamu. Niliingia humo kwa mlango wa uani. Herufi nilizofundishwa chuoni kwa bakora ndizo zilizonipatia nafasi, kwa msimu mmoja, kwenye uchimbaji wa ngome ya Wapiganaji wa Msalaba, yale majeshi ya Wakristo wa Ulaya yaliyoiteka nchi ya Yerusalemu zama za kati, kwenye pwani ya Mediterania huko Israeli. Timu ile ilikuwa na wajuzi wa Kilatini watatu, na wa kusoma Kufi hakuna. Kufi ni ndugu wa herufi za msahafu, ila hazina nukta, na zimenyooka kama zimechongwa kwa tezo.

Majuma sita, na dhahabu sikuigusa. Nilichokigusa ni misumari ya viatu vya farasi, vichwa vya mishale, magae, mifupa ya nguruwe, na visarafu vya fedha hafifu, iliyochanganywa na shaba hadi vimegeuka kijani. Ni vyembamba, ukivishika ovyo vinavunjika kama ganda la yai. Ngome ilikuwa mahali pa kazi. Farasi walipigwa viatu kila siku, na msumari ukianguka hakuna aliyeinama kuuokota. Kwa hiyo mashine ikilia pale, weka dau lako kwenye msumari.

Visarafu vile vya kijani ni chenji iliyomponyoka mtu. Hazina ni kitu kingine kabisa: mtu kaificha kwa makusudi akiwa na nia ya kuirudia. Ukiikuta leo, maana yake hakurudi.

Chukua Kaisaria, ileile ya Matendo ya Mitume. Mwaka 2018, mafundi na wanaakiolojia wakiwa katika ukarabati wa mji wa kale, walikuta kijungu cha shaba nyeusi kimesokomezwa katikati ya mawe ya ukuta wa kisima, ndani ya nyumba ya kawaida. Humo mlikuwa na sarafu 24 za dhahabu na hereni moja. Nyingi ni dinari za Wafatimi, dola ya Kiislamu iliyotawala Misri, na sita ni za Bizanti, dola ya Warumi wa Mashariki, za mfalme Mikaeli wa Saba aliyetawala kuanzia 1071 hadi 1078. Kifuniko hakikuwepo, mdomo ulizibwa kwa kigae kilichovunjika. Mimi kigae kile kinanisumbua kuliko dhahabu. Nakisoma hivi: mwenye mali hakuwa hata na muda wa kutafuta kifuniko. Mwaka 1101 jeshi la Baldwin wa Kwanza, mfalme wa Wapiganaji wa Msalaba huko Yerusalemu, liliuteka mji ule, watu wakachinjwa, waliosalia wengi wakauzwa utumwani. Wachimbaji wanaiweka hofu ya siku zile nyuma ya kijungu hiki. Kwa hiyo hazina hii si ya Wapiganaji wa Msalaba. Ilifichwa wasiione wao.

Sasa nenda kaskazini kidogo ya Tel Aviv, kwenye ngome ya Apollonia, ambayo Waarabu waliiita Arsuf. Ilitangazwa mwaka 2012 kwamba wachimbaji wamekuta sarafu 108 za dhahabu, kama gramu 400 hivi, ndani ya chombo cha udongo kilichovunjika, kilichojazwa mchanga na kuzikwa chini ya sakafu ya vigae. Ngome hiyo ilikuwa mikononi mwa Wahospitala, shirika la watawa wapiganaji, na Sultani Baybars wa Misri aliiteka mwaka 1265 baada ya kuizingira siku arobaini. Hapa waliohusishwa na kuficha ni Wafaranki wenyewe, watu wa msalaba. Lakini sarafu ni dinari za Kiislamu, tena zilikuwa zimeshapita karne mbili au zaidi tangu zigongwe.

Hapo utauliza, na utakuwa umeuliza vizuri: mtu wa msalaba anafanya nini na pesa yenye shahada?

Anafanya biashara. Dinari ya Wafatimi ilikuwa dhahabu karibu safi, gramu nne na robo hivi, na soko zima, toka Misri hadi Shamu, liliiamini. Pesa nzuri haistaafishwi kwa umri. Wafaranki walipotaka kugonga dhahabu yao huko Akka na Tripoli (ya Lebanoni, si ya Libya), hawakuthubutu kuweka sura ya mfalme wao, maana nani angeipokea? Wakaiga. Akka waliiga dinari ya Imamu al-Amir, Tripoli wakaiga ya al-Mustansir, wote wawili watawala wa Kifatimi, maandishi ya Kiarabu yakiwa palepale. Siri ilikuwa tumboni: dhahabu ilikuwa kama asilimia 80, na karne ya 13 ikashuka chini ya 70.

Nimeshika moja ya hizo, si kwenye uchimbaji, ni kwenye makabati ya makumbusho. Kwa mbali hutofautishi. Ukiiweka chini ya lenzi unaona aliyechonga muhuri hakujua kusoma. Alif imesimama pasipo alif, lam imepinda upande wa pili, na jina la mji ilikogongwa limegeuka vijiti vilivyopangwa kama ua wa makuti. Nilijikuta nacheka peke yangu, maana ndivyo nilivyokuwa nikinakili ubaoni nikiwa na miaka sita, na maalimu hakucheka.

Mjumbe wa Papa aliyefika Akka mwaka 1250, Odo wa Châteauroux, hakuvumilia Wakristo kugonga jina la Mtume Muhammad kwenye pesa yao. Akalalamika kwa Papa. Wenye karakana ya kugonga sarafu wakatafuta njia ya mfanyabiashara: toka 1251 Akka iligonga sarafu zenye msalaba na maneno ya Kikristo, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, Mungu mmoja, lakini bado kwa Kiarabu. Mteja hakutakiwa kushtuka.

Hazina ya Watemplari, lile shirika jingine la watawa wapiganaji, najua mnaingojea. Sina mengi. Akka ilianguka Mei 1291, na Thibaud Gaudin, kiongozi wao, alishapanda jahazi na mali ya shirika kwenda Sidoni, kisha Kupro. Penye bandari, dhahabu haizikwi, inapakiwa. Na utajiri wao mkubwa ulikuwa mashamba, vinu na kodi. Papa alipolivunja shirika lao mwaka 1312, mali hiyo aliikabidhi kwa Wahospitala. Handaki lao pale Akka lilipatikana mwaka 1994 kwa sababu mama mmoja alilalamika bomba la maji machafu limeziba chini ya nyumba yake. Mashine ya kutafutia metali haikuhusika.

Kuna gofu moja ninalolipenda kuliko yote, nalo halina dhahabu. Ni Chastellet, kwenye kivuko cha mto Yordani. Baldwin wa Nne, mfalme wa Yerusalemu, alianza kulijenga mwaka 1178. Salahuddin, sultani wa Misri na Shamu, alimwahidi dinari 60,000 aliache, akapandisha hadi 100,000, mfalme akakataa. Agosti 1179 ngome ikaanguka kwa muda usiozidi juma, ukuta wake wa nje haujakamilika. Wachimbaji wamekuta mifupa ya watu na zana za waashi zikiwa zimelala pale kazi ilipokatikia. Tetemeko la 1202 likaupasua ukuta na kuusogeza kama mita 1.6, na lile la 1759 likaongeza nusu mita. Wanajiolojia wanakuja na futi zao kupima ule mpasuko, kwa kuwa tarehe ya ujenzi inajulikana. Niambie hereni gani ingewapa hesabu hiyo.

Na hapa nina kinyongo changu. Juma la nne la msimu ule tulifika asubuhi tukakuta shimo upenuni mwa chumba tulichokuwa tunakichekecha. Halikuwa pana, ungelifunika kwa ungo. Jamaa kaja usiku na mashine, ikalia, akachimba wima. Kapita kwenye jivu la moto ulioiunguza ngome, kapita sakafu ya chokaa, kaingia chini yake, udongo wote kautupa pamoja. Pembeni aliacha alichokitoa: kipande cha bawaba. Sisi tulikuwa tunataka kujua kama bawaba za mlango ule zilianguka kabla ya moto au baada yake. Hatutajua. Nchi ile ina sheria ya mwaka 1978: mali ya kale ni ya taifa, na kuchimba bila kibali ni kosa. Sheria ilikuwepo usiku ule pia.

Huko ni mbali, utasema. Haya, mwaka 1984 pale Mtambwe Mkuu, Pemba, zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu, na nyingi kati ya hizo dinari ni za Wafatimi walewale. Pesa iliyofichwa kwenye kisima cha Kaisaria ilikuwa na dada zake Pemba.

Kijana hakufika hadi hapo kwenye sauti yangu. Jumamosi alikwenda na wenzake kwenye gofu la Mjerumani, kule kila mtu anasema kuna rupia. Jioni kanitumia picha: vizibo vitatu vya soda, kufuli lenye kutu, na kitu cha duara cheusi kisichojulikana. "Mjomba, hii ni nini?"

Nikamuuliza kwanza ameitoa kina gani, na ilikuwa juu ya nini. Alama za buluu zimetokea. Jibu bado.