Kwa nini dari ya ukumbi wa chuo kikuu cha Caracas imetundikwa sanamu?

Anayeketi katika Aula Magna, ukumbi mkuu wa Chuo Kikuu cha Venezuela mjini Caracas wenye viti vipatavyo 2,700, akiinua macho huona mabamba makubwa ya rangi mbalimbali, yenye kingo za mviringo, ambayo hayafanani na mtu, mnyama wala chombo chochote. Ni kazi ya Alexander Calder, mchongaji wa Marekani aliyesifika kwa sanamu zinazoning'inia na kuyumba hewani, nayo hujulikana kama Mawingu. Je, kwa nini yamewekwa darini, wakati sanamu za shule na vyuo kwa kawaida husimamishwa uani?

Sababu ni mwangwi. Msanifu Carlos Raúl Villanueva aliupa ukumbi huo dari ya zege iliyopinda, na dari ya namna hiyo huikusanya sauti na kuirudisha mahali pamoja, tena kwa kuchelewa. Sauti husafiri takribani mita 340 kwa sekunde. Basi ile inayopitia darini ikizunguka mita 17 au zaidi kuliko ile inayomfikia msikilizaji moja kwa moja, hufika ikiwa imechelewa kwa karibu sehemu ya 20 ya sekunde, na maneno ya mhadhiri huanza kusikika mara mbili.

Mtaalamu wa sauti Robert Newman alihitaji vibao vya kuikatiza sauti kabla haijafika darini. Calder, ambaye hapo mwanzo alikusudiwa kufanya kazi ya nje ya ukumbi, alikubali kuvichora vibao hivyo yeye mwenyewe. Yakatengenezwa mabamba 31 ya plaiwudi juu ya fremu za chuma, 22 yakaning'inizwa kwa nyaya na yaliyosalia yakawekwa kwenye kuta za pembeni. Kwa kuwa yako chini ya dari, huirudisha sauti mapema, ikaungana na ile ya jukwaani na kuiongezea nguvu, huku mielekeo yao tofauti ikiitawanya isirundikane mahali pamoja.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, kuyaita mapambo ni kuyapunja: yakiondolewa, ukumbi hauharibiki sura tu, bali unashindwa kazi yake. Si kila sanamu ya chuo hicho, kilichoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, ina jukumu kama hilo. Ile ya shaba ya Jean Arp, iliyo katika uwanja wenye paa ulio jirani, haibebi kitu wala kurekebisha sauti. Wanafunzi huipita tu wakienda madarasani.