Sungura Aliyetoka Nairobi Akazaa Harare

Kazi yangu ni kusafisha santuri za zamani, hasa zile ndogo za inchi 7, na kuziingiza kwenye kompyuta. Mteja wa Zimbabwe akiniuliza kama ninazo "za sungura", lazima nimuulize: sungura yupi, muziki wa magitaa wa kwao Zimbabwe au lebo, yaani jina la kibiashara linalochapwa kwenye santuri? Wengi hushangaa kusikia kwamba lebo ilitangulia.

Miaka ya 1970 Phares Oluoch Kanindo, mzalishaji wa muziki wa Kenya, aliendesha POK Music Stores, na miongoni mwa lebo zake ilikuwamo moja iliyoitwa Sungura. Bendi zilitoka kandokando ya Ziwa Victoria. Victoria Jazz ya Ochieng Nelly na Collela Mazee ni mojawapo ya zile alizozirekodi. Waliimba Kidholuo na kupiga benga.

Benga ni muziki wa gitaa, lakini mkono unaolipiga umefundishwa na nyatiti, ala ya Wajaluo yenye nyuzi 8. Weka sindano upande A usikie. Gitaa la solo linatangulia peke yake kama mtu anayebisha hodi. Gitaa la ridhimu linaingia, besi inafuata na kelele zake, kisha sauti mbili, ya kwanza na ya pili. Kila mstari ukiisha solo linaujibu kwa noti mojamoja, kavu, karibu neno kwa neno. Halafu, utamu ndio kwanza unaanza kukolea, muziki unafifia. Upande umejaa.

Unageuza. Upande B waimbaji wamekaa pembeni na magitaa matatu yanafumana mpaka hujui nani anaongoza. Wapigaji wa dansi Tanzania wangesema hapo ndipo penye chemko, pale wimbo unapochangamka. Niliwahi kuletewa nakala ya kidijitali ambayo mtengenezaji wake aliuacha upande B wote, akidhani ni marudio tu. Alitupa nyama akabaki na mfupa.

Biashara yenyewe ilikuwa ndogo kuliko sifa zake. Wazalishaji wa Nairobi, ambao wengi wao walijazana River Road, kwa kawaida hawakuwa na mtambo wa kuchapa santuri. Walipeleka kazi kiwandani kwa wakubwa, wakarudi na maboksi wauze wenyewe dukani. Bendi nazo hazikukaa. Leo Victoria Jazz, kesho Victoria Kings, keshokutwa Victoria B Kings. Ukizifuata kwa majina utachanganyikiwa. Mimi hufuata mkono wa mpiga solo. Huo haubadiliki hata bendi ikibadilisha jina mara tatu.

Sasa Zimbabwe. Wapigania uhuru waliofunzwa kambini Tanzania walirudi na masikio yaliyozoea muziki wa Afrika Mashariki, na santuri za Kanindo nazo zilifika Zimbabwe. Jiweke kwenye nafasi ya mnunuzi wa kule: Kidholuo hakijui, majina ya nyimbo hawezi kuyatamka, bendi zinafanana. Anachokishika ni kile kilichochapwa kwenye karatasi ya katikati. Kwa hiyo muziki ule ukaitwa "kanindo", jina la mwenye duka! Baada ya uhuru wa 1980 Ephraim Joe aliongoza bendi iliyojiita Sungura Boys, na jina la lebo likawa jina la mtindo mzima. Kwa Kishona mnyama huyo ni tsuro, kwa hiyo neno lenyewe ni letu, limeingia kwao bila hata kubadilishwa herufi.

Wapo wanaosema sungura ni benga iliyohama tu. Sikubaliani nao. Wazimbabwe waliongeza mwendo na kuibadilisha kazi ya besi. Msikilize Alick Macheso, mwimbaji na mpiga besi wa sungura: besi yake inaongea kama gitaa la pili la solo, jambo ambalo mpigaji wa Victoria Jazz hakuhitaji kulifanya. Lakini lile jibu kavu la noti mojamoja baada ya kila mstari lipo palepale. Ukitaka kulipata haraka, zima sauti zote nzito kwenye redio yako, ubakize nyembamba peke yake.