“Mpandisheni kidogo tu tupige picha”: dhana potofu kuhusu marlini wa kuachiliwa

Ukifanya kazi ya kuwapangia watu wa Nairobi boti za uvuvi kule Watamu, Malindi au Shimoni, kuna ombi utakalolisikia msimu mzima: “Sisi hatuui samaki, tutamwachilia. Lakini kwanza mpandisheni botini kidogo, tupige picha moja.” Anayesema hivyo ni mtu mwema. Amekwisha lipia boti, ana tiketi ya SGR au ya ndege ya Malindi, na ofisini amewaambia wenzake kwamba marlini wake, yule samaki mkubwa mwenye mdomo mrefu kama mkuki, atarudi baharini mzima. Kisha anaomba jambo linaloweza kumuua samaki yuleyule anayetaka kumwokoa.

“Dakika moja nje ya maji haina neno”

Ina neno kubwa. Ngege wa bwawani anaweza kutulia mahali pamoja akipepea matamvua yake, maji yakaingia na kutoka. Marlini hawezi. Yeye hupumua kwa kwenda: mdomo umefunguka kidogo, na mwendo wenyewe ndio unaopitisha maji kwenye matamvua. Akisimama, pumzi inakata, hata akiwa bado majini.

Sasa fikiria hali anayofikia nayo ubavuni mwa boti. Amepigana nusu saa, pengine saa nzima, ameruka mara kumi, misuli imejaa asidi na mwili wote unadai oksijeni. Bahari yenyewe wakati wa kaskazi ni ya moto, nyuzi 28 hivi, na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi. Chukua mwanariadha anayemaliza mita 1,500 pale Kasarani, umzibe pua na mdomo akiwa bado kwenye mstari wa mwisho, kisha umwambie avumilie dakika moja. Ndivyo anavyotendewa marlini anayepandishwa.

Akiwa hewani, nyuzi laini za matamvua hulala na kugandana kama nywele zilizolowa, kwa hiyo oksijeni iliyo tele pale juu haimfikii. Halafu kuna uzito. Samaki wa kilo 100 amebebwa na maji tangu azaliwe. Uti wake na viungo vya ndani havikuumbwa kuning’inia kwenye ukingo wa fibaglasi. Akiburutwa juu ya ukingo, ute unaomkinga ngozi unakwanguka. Akijipigapiga sakafuni, jicho ndilo huumia mapema. Na mdomo wake mrefu, ambao baharini huufyeka kushoto na kulia ili kuwazubaisha samaki wadogo, sasa unafyeka kwenye mapaja ya watu waliosimama na simu mkononi.

Hiyo “dakika moja” nayo haiwi dakika moja. Watu wanne wana simu nne. Mmoja amefumba macho kwenye picha, mwingine anataka zamu yake, wa tatu ameweka video badala ya picha. Kwa upande wa Atlantiki, sheria ya Marekani inasema wazi kwamba marlini anayeachiliwa asitolewe majini kabisa. Hapa kwetu usingoje sheria. Mwambie nahodha asubuhi kabla ya kung’oa nanga: “Nahodha, samaki asitoke majini.” Utaona uso wake unavyokunjuka, kwa sababu mabaharia wengi humpandisha samaki kwa kuogopa kumuudhi mgeni tu.

Na picha utapata, tena nzuri zaidi. Picha ya marlini ni ile anayoruka, wala si ile aliyolala mapajani mwa mtu akiwa kahawia kama gogo. Mteueni mpiga picha mmoja kabla mishipi haijaingia majini, asiwe anayeshika fimbo. Kamera iwekwe kwenye kupiga mfululizo, na ilenge pale mshipi unapoingia majini. Mshipi ukianza kupanda na kulala juu ya maji, anakuja kuruka, bonyeza. Samaki akishafika ubavuni, mpiga picha apande juu karibu na usukani apige kuelekea chini. Kioo cha kukata mng’ao huonyesha mwili mzima hata ukiwa nusu mita chini ya maji. Kamera ndogo isiyoingia maji, ikifungwa kwenye mti wa mita mbili, hutoa picha ya kupamba ukuta. Mvuvi ainame pale ubavuni, samaki awe majini, boti ikiwa inasonga mbele polepole. Sekunde kumi zinatosha.

Hapo kwenye boti kusonga mbele ndipo wengine huharibu. Baharia humshika mdomo kwa mikono miwili yenye glavu, vidole gumba vikielekeana, ili samaki akijirusha mikono imsukume mbali na mwili wa mtu. Mgongo wa samaki uwe juu, kichwa kielekee boti inakokwenda, mwendo noti 2 au 3, kama wa mtu anayetembea kwa miguu. Boti isirudi nyuma, kwa kuwa kurudi nyuma kunageuza mkondo wa maji kwenye matamvua. Kisha tazama rangi. Marlini aliyechoka hupauka akawa wa kahawia iliyofifia, kama shaba iliyokaa bila kusuguliwa. Anapopata pumzi, buluu hurejea, kwanza mgongoni, kisha kwenye mapezi na mkia, na milia ya ubavuni hujitokeza. Jicho huanza kuzunguka likikufuata. Mkia hupiga kwa nguvu, naye mwenyewe anavuta mdomo kutoka mikononi. Hapo ndipo aachiwe. Inaweza kuchukua dakika tatu, inaweza kuchukua thelathini, na mvuvi aliyemchosha samaki hana haki ya kulalamika kwamba bia inapata moto.

“Si aliogelea mwenyewe akaenda? Basi yuko salama”

Kuondoka si kupona. Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa marlini weupe 41 wa magharibi mwa Atlantiki, waliovuliwa kwa chambo cha samaki mfu na kuachiliwa wakiwa na vifaa vinavyotuma taarifa kwa setilaiti. Walionaswa kwa ndoana ya duara, ile ambayo ncha yake imepinda kuelekea ndani, walinusurika wote. Walionaswa kwa ndoana ya kawaida, ile yenye umbo la J, walionusurika ni asilimia 65. Nao wote waliachiliwa wakaenda.

Tofauti iko mahali ndoana inapokita. Ya J, samaki akishameza chambo, hukita popote: kooni, kwenye matamvua, tumboni. Ya duara huteleza kutoka kooni na kushika pembe ya taya mshipi unapokazika. Lakini ina sharti moja ambalo mgeni hulivunja kwa mazoea ya kutazama video: usiipige fimbo kwa kishindo. Samaki akichukua chambo, mwache aende, kisha sukuma mkono wa breki ya gurudumu la mshipi polepole mpaka mshipi ukazike wenyewe. Ukiikupua fimbo, unaing’oa ndoana kabla haijageuka. Hakikisha pia ncha ya ndoana haikupindishwa kando. Ya duara iliyopinda kando hukita ndani kama ya J.

Kwa chambo bandia kinachokokotwa kwa kasi, ndoana ya J bado hutumika, kwani samaki mara nyingi hunasa tayani. Hapo omba ndoana moja badala ya mbili. Ile ya pili ndiyo huishia kwenye jicho, au kwenye mkono wa baharia.

“Mshipi mwembamba humpa samaki nafasi sawa”

Humpa nafasi ya kufa kwa uchovu. Mshipi wa kilo 15, yaani unaokatika ukivutwa kwa nguvu ya kilo 15, kwa marlini wa kilo 150 ni saa tatu za mateso, na mara nyingi samaki huzama akafia chini, kisha anavutwa juu kama gunia. Kwa marlini wa Pwani yetu chukua daraja la kilo 37. Kwa wale wa kutisha wa Ribbon Reefs huko Australia, la kilo 60. Breki ipimwe bandarini kwa mizani ya kuning’iniza, isikisiwe kwa mkono: karibu theluthi moja ya nguvu ya mshipi, yaani kilo 12 kwa mshipi wa 37. Nahodha anayejua kazi humkimbilia samaki kwa boti katika dakika za mwanzo, kabla hajapiga mbizi. Na wewe kwenye kiti usipumzike, kwa kuwa kila unapopumzika, yeye naye anarudisha nguvu, na pambano linarefuka kwa wote wawili.

“Ndoana itaoza yenyewe siku mbili tatu”

Ndoana ya chuma kisichoshika kutu haiozi siku mbili, imetengenezwa isioze. Tumia ya chuma cha kawaida. Ikiwa imeingia ndani, usiichokonoe kwa koleo. Kata mshipi karibu kabisa na ndoana, usimwachie samaki mita nne za nailoni za kujisokota nazo mkiani.

“Tutaenda Aprili, watoto wakifunga shule”

Kalenda ya shule na ya bahari hazikukutana. Aprili kaskazi imekwisha, kusi inaingia pamoja na masika, na boti nyingi hupandishwa nchi kavu kutengenezwa hadi Julai hivi. Agosti marlini wapo, lakini mawimbi ya kusi bado ni makubwa, na aliyetoka Nairobi bila dawa ya kichefuchefu atautazama ukingo wa boti siku nzima. Desemba ni nzuri, hasa kwa sulisuli. Januari hadi Machi bahari hutulia na marlini wenye milia huongezeka. Ukiniuliza mimi, chukua likizo Februari, na watoto waende na shangazi yao safari nyingine.

“Nataka lile dume kubwa”

Dume kubwa halipo. Kwa marlini, wakubwa ni majike. Dume la marlini mweusi ni nadra kufika kilo 200, na wale wa kilo 450 na zaidi, ambao boti za Cairns na Lizard Island huko Australia huwafuata pembeni mwa matumbawe kuanzia Septemba hadi Desemba, ni majike waliokuja kutaga. Ndiyo maana kumwachilia mkubwa kuna uzito zaidi kuliko kumwachilia mdogo: unarudisha mamilioni ya mayai. Wanaosema haina maana kwa sababu meli za mishipi mirefu na nyavu huvua wengi zaidi wanasema kweli kuhusu meli, lakini wanakosea hesabu. Marlini wenye milia wa Bahari ya Hindi wamevuliwa kupita kiasi. Samaki akipungua, kila jike lililobaki linahesabika zaidi.

Mengine ni ya haraka. Marlini haishi ndani ya matumbawe; huwinda ukingoni, pale sakafu inapotumbukia na mkondo ukakusanya samaki wadogo, kwa hiyo usishangae boti ikipita mwamba na kuendelea. Isitoshe, ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyotengwa mwaka 1968, hakuna kuvua. Samaki wa kutundika ukutani hahitaji kufa pia: sanamu za siku hizi ni za fibaglasi, fundi anahitaji urefu, unene na picha yako ya rangi. Nyama ya marlini mkubwa si zawadi ya kumpelekea mama mjamzito, ina zebaki nyingi.

Na uzito haudai mizani. Pima kwa sentimita kuanzia ncha ya taya la chini hadi panda ya mkia, na mzunguko wa mwili pale aliponenepa zaidi. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, ugawanye kwa 28,900. Jibu ni kilo. Urefu wa 250 na mzunguko wa 110 ni kama kilo 105. Ikiwa mzunguko haupatikani bila kumtesa, chukua urefu peke yake kwa kamba yenye alama inayoelea ubavuni mwake.

Urefu huo ndio utakaoandikwa kwenye kadi ya tagi, ile alama ndogo yenye namba anayovishwa samaki ili atambulike akivuliwa tena. Tagi huchomwa kwenye msuli wa bega, juu ya mstari wa ubavu, mbali na kichwa na matamvua, samaki akiwa ametulia. Ikichomwa akiwa anajirusha, huenda pasipofaa. Wanaoiita mateso wafikirie imetufunza nini: kuna marlini wa buluu aliyetiwa tagi karibu na Delaware, Marekani, akaja kuvuliwa Mauritius. Watamu, African Billfish Foundation imekuwa ikikusanya kadi hizi tangu miaka ya 1990. Jaza namba ya tagi, tarehe, mahali, urefu na aina ya samaki kabla mishipi haijarudi majini. Kwa aina, ukiwa na shaka, tazama pezi la kifuani: la marlini mweusi aliyekomaa limekakamaa, halilali ubavuni. Usilisukume kwa nguvu ili kuhakikisha, litavunjika.