Maabara za utafiti hazifuati mishahara midogo peke yake

Nikitaja maabara za utafiti ambazo kampuni za Marekani zimefungua Bangalore, India, au Nairobi, watu hunikatiza: "Si wanafuata mishahara midogo tu?" Wanaifuata, ndiyo. Lakini ingekuwa hiyo tu, wangekwenda mahali penye mishahara midogo kuliko pote, na huko hawaonekani.

Texas Instruments, kampuni ya Marekani ya kutengeneza chipu, ilipoingia Bangalore mwaka 1985, jiji hilo lilikuwa na Taasisi ya Sayansi ya India tangu 1909, na viwanda vya serikali vya ndege. Wahandisi walikuwepo. Simu ndizo zilizokuwa taabu, kwa hiyo kampuni ikafunga dishi la setilaiti ili kazi ya kubuni chipu isafiri kwenda ng'ambo.

Sababu ninayoipa uzito zaidi ni kwamba shida yenyewe iko hapo. Chukua mashine ya ECG, ile inayochora mapigo ya moyo. Za hospitali kubwa ni nzito, ghali, na zinategemea umeme wa ukutani. Zahanati ya kijijini India haiziwezi. Wahandisi wa Bangalore wa GE, kampuni ya Marekani inayotengeneza pia vifaa vya hospitali, wakabuni mashine iitwayo MAC 400: inabebeka, inatumia betri, bei yake takriban dola 1,000. Printa yake? Waliitohoa kutoka kwenye vimashine vya kukatia tiketi za basi! Mhandisi aliyekaa Wisconsin, Marekani, angeitoa wapi fikra hiyo, wakati hajawahi kukatiwa tiketi ya namna ile? Baadaye ndugu yake, MAC 800, akauzwa Marekani kwenyewe.

Huku kwetu, IBM ilifungua maabara yake Nairobi mwaka 2013, kwenye Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki. Moja ya kazi zake ilikuwa kukadiria foleni za magari kwa picha za kamera chache zilizokuwa tayari barabarani. Google ikafuata Accra mwaka 2019.

Sishangilii kila uzinduzi, hata mawaziri wakija kukata utepe. Hataza, yaani haki za kumiliki uvumbuzi, mara nyingi huandikwa kwa jina la makao makuu, na faida huhesabiwa huko. Kinachobaki kwa mwenyeji ni watu: mtafiti aliyefunzwa pale, kisha akaacha kazi na kuanzisha kampuni yake au kurudi chuoni kufundisha. Ndiyo maana, nikipewa mkataba wa namna hii niusome, naanza na kifungu kinachosema mfanyakazi akiondoka anazuiwa kufanya nini, na kwa muda gani.