Kidonda cha ukeni kikijifunga, ugonjwa bado upo

Dhana: Kidonda kisichouma si cha kutisha. Kikikauka, yamekwisha.

Ukweli: Hicho hasa ndicho cha kukuwahisha kituo cha afya. Huenda ni cha kaswende, ugonjwa wa zinaa. Kidonda chake hutokea siku 10 hadi 90 baada ya maambukizi, mara nyingi wiki ya tatu. Kingo zake ni ngumu, hakina usaha, na kwa kawaida hakiumi. Kwa mwanamke kinaweza kukaa juu kabisa kwenye mlango wa kizazi, asikione wala kukihisi, kwa hiyo kutazama nje tu hakutoshi. Mwombe mhudumu akupime kwa spekulamu, kifaa cha kutazamia ndani ya uke. Bila dawa kidonda hujifunga baada ya wiki 3 hadi 6, lakini vijidudu hubaki mwilini. Baadaye huja upele, hata viganjani na nyayoni, na baada ya miaka moyo na ubongo vinaweza kuharibika. Kwa mjamzito, mtoto anaweza kufia tumboni.

Ukiwahi, tiba ni sindano ya benzathini penisilini, uniti milioni 2.4, mara moja tu. Maambukizi yakizidi miaka 2, au muda wake usipojulikana, huwa sindano 3, moja kila wiki. Homa na kutetemeka ndani ya saa 24 za kwanza mara nyingi hutokana na vijidudu kufa. Ila ukivimba uso au kupumua kwa shida, huo ni mzio: rudi haraka.

Dhana: Kipimo cha damu hakikuonyesha kitu, basi sina kaswende.

Ukweli: Kidonda kikiwa kichanga, kipimo kinaweza kukosa. Anza tiba kwa dalili, kisha urudie kipimo baada ya wiki chache.

Dhana: Antibiotiki yoyote ya dukani itakausha.

Ukweli: Malengelenge yanayopasuka na kuuma kama moto mara nyingi ni ya virusi vya hepesi, na antibiotiki haivigusi. Dawa yake ni asiklovia miligramu 400 mara 3 kwa siku, kwa siku 7 hadi 10, ikianzwa mapema iwezekanavyo. Hufupisha maumivu, haiviondoi virusi. Pangusa, ugonjwa mwingine wa zinaa wenye kidonda laini kinachouma na mitoki kinenani, hutibiwa kwa azithromisini gramu 1, dozi moja. Chumvi na dawa za kusafishia huunguza ngozi na kumficha daktari alama anazozitafuta.

Dhana: Mwenzangu hana dalili, hahitaji dawa.

Ukweli: Kwa kaswende na pangusa, asipotibiwa atakurudishia. Acheni ngono mpaka vidonda vipone, na upime VVU pia, kwa sababu kidonda ni mlango wake.

Kidonda kisichoanza kupona siku 7 baada ya tiba kirudishwe kwa daktari. Kikiendelea wiki kadhaa, kikatwe kinyama kidogo kipimwe saratani.