Uratibu wa SON ni nini: mtandao wa simu unapojirekebisha mpaka unajivuruga

Ushawahi kusimama mahali simu inaonyesha vijiti vya netiweki vyote, bando lipo, ila ukipiga inakata, ukipiga tena inaunga afu inakata tena? Sababu za hiyo kitu ziko nyingi, mara nyingi ni msongamano tu au mnara umechoka, lakini kuna moja haisemwi sana kwa sababu fundi akienda kukagua anakuta kila kitu kizima, hakuna kilichoungua, hakuna waya uliokatika, na programu zote zinafanya kazi yake vilevile zilivyoagizwa. Shida ni kwamba mbili kati ya hizo programu zinavutana kamba na simu yako ndo kamba yenyewe.

Kuzuia huo mvutano ndo kunaitwa uratibu wa SON.

SON ni kifupi tu cha self-organizing network, yaani mtandao unaojipanga wenyewe. Enzi za 2G injinia alikuwa anazunguka na gari, laptopu mapajani, simu za kupimia zimewashwa zote, wenyewe wanaita draivu testi, akirudi ofisini anabadilisha namba kwa mkono, seli moja baada ya nyingine. (Seli ni lile eneo linalohudumiwa na antena za upande mmoja, mnara mmoja wa kawaida una pande tatu, na kila upande unaweza kuwa na seli zaidi ya moja.) Ikaja 3G ikapandishwa juu ya 2G, ikaja 4G ikapandishwa juu ya zote mbili, seli maelfu, kila seli na mamia ya parameta, yaani hizo namba za kurekebisha, nani atazigusa zote? Kwa hiyo 3GPP, hawa ndo wanaoandika viwango vya simu, kwenye toleo lao la Release 8 lililofungwa mwaka 2008, lilelile lililoleta LTE (ndo hiyo 4G), wakaanza kuweka utaratibu wa mtandao kujifanyia mambo wenyewe, Release 9 na 10 wakaongeza. Mnara mpya ukiwashwa ujitambulishe kwa majirani zake, mtandao ujiboreshe kadiri watu wanavyohama na kurudi, na seli ikifa nyingine ziizibie pengo.

Sasa watu wengi wakisikia hivyo wanadhani kuna akili moja kubwa inaendesha kila kitu. Hapana. Ni vijiprogramu vingi, kila kimoja kimepewa lengo lake na vipimo vyake vya kuangalia. Kimoja kinaangalia mzigo, kingine kinaangalia simu zinazokatika wakati mtu anahama seli, kingine antena zimeinama kiasi gani, kingine bili ya umeme. Hakuna anayemwona mwenzake. Ni kama ile nyumba ambayo mama akipita anafungua dirisha maana joto limezidi, baba akipita anafunga maana mbu wameingia, wote wana haki na wote wakikuta dirisha tofauti na walivyoliacha wanadhani ni upepo. Najua kuna mtu hapa ataleta ya manahodha wengi na chombo kwenda mrama, ila naona haifiti vizuri, manahodha angalau wanaonana uso kwa uso wakagombana, hawa hata kugombana hawajui.

Tuchukue mfano mmoja tuumalize, huu ndo ule ambao karibu kila anayefundisha haya mambo anaanza nao, mi nitauweka kwa Mkapa siku ya dabi. Chukulia kuna seli inatazama uwanja, tuiite A, na jirani yake B inatazama barabara ya nje. Watu 60,000 wamekaa ndani, nusu wanarusha video, A imejaa pomoni, B ina nafasi kibao.

Simu yako huwa haihami seli hivihivi. Kanuni ya kawaida ni kwamba jirani lazima asikike vizuri kuliko seli uliyopo kwa kiasi fulani, tuseme desibeli 3 (desibeli ndo kipimo cha nguvu ya mawimbi), na hali hiyo idumu kwa muda fulani, tuseme milisekunde 320, ndo handova, yaani huko kuhama, ifanyike. Hizo zote zinabadilishika. Juu ya hapo kuna namba nyingine inayowekwa kwa kila jirani peke yake, inaitwa CIO, inaenda kuanzia desibeli -24 mpaka +24, kazi yake ni kumpa jirani maksi za bure au kumnyang'anya. Ukimpa B maksi 4 za bure, basi simu iliyo pembeni ya uwanja itahamia B hata kama B anasikika chini ya A kwa desibeli 1. Umeielewa hiyo? Maana ugomvi wote uko hapo.

Kijiprogramu cha kwanza, MLB, chenyewe kinasawazisha mzigo. Kinaona A imejaa, kinaipa B maksi za bure, watu wa pembeni wanahamia B, mzigo unapungua, kimefaulu. Sasa hao waliohamishwa wako kwenye seli ambayo kiukweli wanaisikia vibaya zaidi. Wengine simu inakata mara tu baada ya kuhama, ikijiunga tena inajikuta imerudi A. Kijiprogramu cha pili, MRO, kazi yake ni kuangalia uhamaji, na kitu kama hicho kina jina lake kabisa, handova ya mapema mno. Zikizidi MRO inasema ah, huyu B anapewa maksi ambazo hastahili, inazipunguza. Watu wanarudi A. A inajaa tena. MLB ikija kusoma ripoti yake, na ripoti za mtandao mara nyingi hukusanywa kila dakika 15, inakuta mzigo umepanda, inatoa maksi tena. Mpira unaendelea, na wao pia wana dabi yao.

Na kama maksi zimebadilishwa upande wa A tu bila B kuambiwa, inakuwa mbaya zaidi maana B nayo ina kanuni yake, inamwona huyu mgeni anasikia A vizuri, inamrudisha, A inamtuma tena. Hiyo inaitwa ping pongi, na kila safari simu inapoteza muda na chaji. Ndo maana Release 9 iliweka namna ya minara miwili kukubaliana kwanza kabla ya kubadilisha mpaka kati yao. Inasaidia kwa majirani wawili, haisaidii kwa vijiprogramu viwili ndani ya mnara mmoja.

Hapo walau wanagombania namba moja, ukichungulia kumbukumbu unaiona inapanda na kushuka. Kuna ugomvi ambao namba ni tofauti kabisa. Antena siku hizi inainamishwa kwa mota kutoka ofisini, hakuna mtu kupanda mnara. Antena iko mita 30 juu, ikiinama nyuzi 4 kitovu cha mawimbi kinagusa ardhi mita 429 hivi kutoka mnarani, iinamishe nyuzi 6 kinagusa mita 285. Yaani nyuzi 2 tu na kitovu kimesogea zaidi ya mita 140, na mpaka wa seli unasogea nacho (kwa ardhi tambarare, milima inaleta hesabu nyingine). Sasa kijiprogramu cha kuangalia ueneaji wa mawimbi kimeinamisha antena saa nne, MRO inakuja saa nne na robo na takwimu zilizokusanywa wakati mpaka wa seli uko pale pa zamani, inarekebisha maksi kwa ajili ya mpaka ambao haupo tena. Hawajagusa kitu kimoja, na bado wamegongana. Huu ndo mgongano wa vipimo, na mi naona ndo unaosumbua kuliko ule wa kwanza kwa sababu haukupi dalili ya kupanda na kushuka, unakuta tu seli ina maamuzi ya ajabu.

Mwingine unachekesha kidogo. Usiku maduka yamefungwa, kijiprogramu cha kuokoa umeme kinalaza seli ya ziada. Kijiprogramu cha kutibu kinaona seli iko kimya, kinadhani imekufa, kinaagiza majirani waongeze nguvu na kuinua antena kuziba pengo. Umelala kuokoa umeme, majirani wanachoma umeme zaidi kukuombolezea. Dawa yake ni rahisi, anayelala aage, na kwenye LTE minara ina ujumbe wa kuambiana kabisa kwamba nimezima kwa makusudi.

Mratibu sasa, yaani programu ya kuzuia hii migongano, anafanya nini? Watu wanategemea kitu cha akili sana, kumbe sehemu kubwa ya kazi yake ni ya karani wa zamu. Kijiprogramu hakigusi parameta moja kwa moja, kinaleta ombi, nataka kubadilisha kitu hiki, kwenye seli hii, mabadiliko yatagusa eneo hili na yatachukua muda huu mpaka vipimo vitulie. Mratibu anaangalia daftari, kuna mwenzako yupo kwenye eneo hilohilo na muda wake haujaisha? Kama hakuna, pita. Kama yupo, subiri, au ombi linakataliwa, au kama we una kipaumbele cha juu la mwenzako linafutwa na namba zinarudishwa zilivyokuwa. Vitu viwili vya muhimu hapo ni eneo na muda. Eneo sio seli moja tu, ni pamoja na majirani. Muda sio ule wa kubadilisha namba, huo ni sekunde, ni ule wa kungoja takwimu mpya zitoshe kuamini. Kwa mfano wa antena, MRO ingefungiwa nje mpaka takwimu za mpaka wa zamani zitupwe.

Ukibana sana nako kuna shida yake. Ukisema kutibu kwanza, ueneaji wa pili, uhamaji wa tatu, mzigo wa nne, umeme wa mwisho, yule wa mwisho anaweza kukaa wiki hajapata zamu. Kwa hiyo wengine wanafanya kipaumbele kipande kadiri unavyosubiri, kama foleni ya maji bombani pale mtu anaposema jamani huyu mama yuko hapa tangu alfajiri.

Kuna njia nyingine ya kuacha wote wafanye afu unakagua baadaye, seli ikiharibika unarudisha. Inavutia ila inauma, maana kama vijiprogramu vitatu vimegusa eneo moja ndani ya saa moja, unamrudisha nani? Ukirudisha wote umeua na aliyefanya vizuri.

Hili jambo sio la 4G likaisha. O-RAN Alliance, iliyoanzishwa 2018, inataka mitandao ambayo vijiprogramu hivi vinanunuliwa kwa kampuni tofauti tofauti na kuwekwa kwenye kidhibiti kimoja, vingine vinaamua ndani ya sekunde moja. Zamani vyote vilitoka kwa mtengenezaji mmoja, angalau kulikuwa na mtu jengoni anayejua nani anagusa nini. Sasa hivi huyu kaandikwa bara hili, yule bara lile, na hawajawahi kukutana. Wenyewe wanagawa migongano mitatu, ya wazi ambapo wanagusa parameta moja, ya kuzunguka kama ule wa maksi na antena, na iliyojificha ambayo huijui mpaka ukae na takwimu muda mrefu uone kwamba kila huyu akifanya kazi yule anaumia.

Na kipaumbele chenyewe mashine haikijui. Kati ya simu isikatike na video isigande, kipi kianze, hiyo ni ya wenye mtandao kuamua kabla, na inabadilika. Siku ya dabi unaweza kuamua kwamba kuanzia saa tisa mpaka saa mbili usiku MLB iko juu ya MRO kwenye seli zote za pale uwanjani, simu chache zikikatika pembezoni zikatike, watu 60,000 wapate kutuma. Filimbi ikilia watu wakaanza kutoka kwa miguu na bodaboda, unageuza, maana sasa wote wanahama seli kwa wakati mmoja na MRO ndo anatakiwa awe na neno la mwisho.