Kabla hujaongeza dozi ya dawa ya kifafa

Mimi ni mfamasia wa kliniki katika wodi ya magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu hapa Dar es Salaam. Ndugu wengi wa wagonjwa wakisikia neno mfamasia wanafikiria dirisha la dawa. Kazi yangu iko kitandani kwa mgonjwa: napita raundi na madaktari, nasoma faili, chati ya dawa na majibu ya maabara, kisha namtazama mgonjwa mwenyewe. Kwenye kila raundi narudia jambo moja: mgonjwa akibadilika ghafla, tuzichunguze dawa zake kabla hatujasema ugonjwa umezidi.

Katika wodi yetu dawa na ugonjwa vinafanana sura. Dawa ya kifafa ikizidi mwilini, mgonjwa anasinzia, anayumba, anachanganyikiwa. Ikipungua, degedege linarudi. Ukimtazama juu juu, utasema ubongo umeharibika zaidi.

Chukua fenitoini, mojawapo ya dawa za kifafa. Ini linaivunja dawa hii kwa uwezo wenye kikomo. Fikiria kivuko cha Kigamboni: magari yakiwa machache, yote yanavuka, kivuko kikishajaa, hata yakiongezeka machache tu, foleni inarefuka haraka. Ndiyo maana kupanda kutoka miligramu 300 hadi 400 kwa siku kunaweza kumfikisha mtu kwenye sumu, ingawa kwenye karatasi nyongeza inaonekana ndogo.

Nakumbuka baba mmoja wa makamo aliyepata kiharusi, analishwa kwa mpira wa puani. Alikuwa kwenye fenitoini ya maji, na degedege lilikuwa limerudi. Wazo la kwanza kwenye raundi lilikuwa kuongeza dozi. Niliomba tusubiri kidogo, nikaenda kusimama pale dawa inapotolewa. Dawa iliingia, na uji wenye maziwa ukafuata hapo hapo kwenye mpira uleule. Chakula cha mpira hupunguza sana fenitoini inayofyonzwa, kwa hiyo sehemu kubwa ilikuwa inapotea.

“Sista, tukipishanisha uji na dawa itawezekana?” nilimuuliza muuguzi.

“Inawezekana kaka, ila niandikie saa kwenye chati, maana zamu ya usiku hawatajua.”

Tukaandika: uji usimame saa 12 asubuhi, dawa saa 2, mpira usafishwe kwa maji, uji urudi saa 4. Chupa itikiswe vizuri kila mara, kwa sababu dawa ikituama chini, dozi za juu zinakuwa nyepesi na za mwisho zinakuwa kali. Dozi haikuguswa, na degedege lilitulia. Tungeongeza dozi, halafu siku nyingine mtu akarekebisha ulishaji, tungemtia baba yule kwenye sumu.

Kupima kiwango cha dawa kwenye damu hakupatikani kila mahali. Hata kikipatikana, majibu yanahitaji akili: karibu asilimia 90 ya fenitoini imeshikana na protini za damu, hasa albumini. Mgonjwa aliyedhoofu ana albumini kidogo, hivyo namba inaweza kuonekana ndogo ilhali dawa huru, ile inayofanya kazi, inatosha au imezidi. Kwa hiyo namwambia mgonjwa afuate kidole changu kwa macho. Macho yakichezacheza, ni dalili kwamba huenda dawa imezidi, naomba nyongeza isimame.

Valproeti, dawa nyingine ya kifafa, nayo ina adui wake: meropenemu, antibayotiki tunayoikimbilia maambukizi yakiwa makali. Zikikutana, kiwango cha valproeti kinaporomoka ndani ya siku moja au mbili, na kuongeza dozi hakusaidii. Tunatafuta antibayotiki nyingine, au tunaongeza kinga ya degedege kwa dawa tofauti kama levetirasetamu.

Linaloniumiza zaidi ni dawa zinazotoka kliniki tofauti bila kufahamiana. Dada mmoja alilazwa, mama yake akaja na mfuko wa dawa. “Shikamoo mama, naomba uzimwage zote hapa mezani.” Zilikuwemo kabamazepini, ambayo nayo ni dawa ya kifafa, vidonge vya maumivu na chupa ya dawa ya mitishamba. Dada alikuwa kimya mno. Nikamwomba mama atupishe kidogo, nikavuta pazia, nikauliza tena taratibu. Ndipo akasema anatumia ARV, na ana vijiti vya uzazi wa mpango mkononi. Mama hakujua.

Kabamazepini huliamsha ini livunje dawa nyingine kwa kasi. Inashusha dolutegraviri iliyomo kwenye kidonge cha ARV cha siku hizi, na inapunguza nguvu ya vijiti. Mtu anafuata kila kliniki kwa uaminifu, na bado virusi vinaweza kupanda na mimba ikaingia. Kumhamishia valproeti lisingekuwa jibu kwa binti wa umri wa kuzaa, maana inaweza kuharibu ubongo na uti wa mgongo wa mtoto tumboni.

Hospitali haikuwa na levetirasetamu ya kudumu ya kumbadilishia, na kusimamisha kabamazepini ghafla kungeleta degedege. Kwa hiyo alibaki nayo, akaongezewa kidonge cha dolutegraviri miligramu 50 saa 12 baada ya kile cha mseto cha ARV, na akachagua sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, ambayo haiathiriwi hivyo. Niliandika barua mbili, moja kwa kliniki ya ARV na nyingine ya uzazi wa mpango. Nilizifunga kwenye bahasha, nikamkabidhi yeye mwenyewe mkononi.